Nyumba ya Jeltje Katikati ya Barabara

Mgeni akishuka treni Wierum, kitu cha kwanza kumshangaza ni barabara kuu. Inatoka stesheni imenyooka vizuri, inafika mbele ya duka la Terpstra, halafu inatoa tumbo ghafla na kugawanyika mara mbili kuizunguka nyumba moja ya mbao, kisha inaungana tena na kuendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wa miji ya jirani wanasema waliopima barabara ile walikuwa wamelewa. Uongo mtupu. Watu wetu hawakuwa wamelewa. Afadhali wangelewa, mambo yangekwisha mapema. Walikuwa wanaomba.

Wierum ya kwanza haikuwa hapa. Ilijengwa kando ya kijito, na watu wetu, Wafrisia waliovuka bahari kuja kulima Iowa, walikuwa na hakika kabisa kwamba reli itapita hapo. Hakika hiyo waliipata kwa Gosse Terpstra, mwenye duka na mzee wa kanisa, mtu aliyezungumzia mipango ya kampuni ya reli kana kwamba walikuwa wakimwita mezani kumshauri. Reli ikapita kaskazini, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Mzee Gosse hakusema kwamba alikosea. Alisema Bwana ameuhamisha mji, na akawa wa kwanza kuanza kuvunja ua wake.

Kuhama kwenyewe hakukuwa jambo la ajabu. Katika nchi ile mtu huhama na nyumba yake kama konokono. Unangoja majira ya baridi, ardhi igande iwe ngumu kama chuma, unaiinua nyumba kwa nguzo, unaiketisha juu ya magogo mawili makubwa yaliyochongwa ncha na kupakwa mafuta ya ng'ombe, unafunga minyororo, unafunga maksai wa kijiji kizima, kisha unapiga kelele. Nyumba inaondoka. Watu wa Wierum walihamisha kanisa bila kuvunja kioo hata kimoja, ila kengele ililia njia nzima na mbwa wote wa wilaya wakaifuata.

Kazi ikaendelea majira yote ya baridi, nyumba baada ya nyumba, mpaka ikabaki moja tu. Ilikuwa ya Jeltje Hoekzema.

Jeltje alikuwa mjane. Mumewe Sjoerd alikufa kwa homa mwaka wa pili baada ya kufika, akamwachia shamba, ng'ombe wawili wa maziwa, na nyumba iliyosimama peke yake mbali na nyumba nyingine, kwa sababu Sjoerd alipenda kimya. Jeltje hakukipenda. Majira ya baridi yakiingia, theluji ilifunga njia na wiki zikapita bila kuona uso wa mtu. Asubuhi moja alijikuta akiisalimia ndoo ya maji, tena akisimama kungoja iitikie. Siku hiyo alikaa chini akalia, na alipomaliza kulia alijiapia kwamba, mji utakapohama, yeye atakaa mahali ambapo watu wanapita. Hakutaka zaidi ya hapo. Dirisha moja la barabarani, jiko, mkate wa kuuza, na birika la kahawa kwa yeyote atakayebisha hodi.

Viwanja viligawiwa dukani kwa Mzee Gosse, na waliogawa ni wanaume peke yao. Jeltje alikwenda kuuliza chake.

"Chako kizuri sana, Dada Jeltje," alisema Mzee Gosse, akipangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Nyuma ya mazizi ya reli. Pale ng'ombe watakaposubiri kupakiwa."

"Nyuma ya mazizi?"

"Pametulia. Mjane anahitaji mahali pa utulivu."

"Utulivu ninao wa kuwagawia nyote, Mzee, na mwingine ukabaki. Mimi nataka barabara kuu."

"Barabara kuu ni ya watu wenye familia na biashara."

"Na mimi nitauza mkate."

"Kwani kule nyuma mkate hauokeki?"

"Unaokeka. Atakayeula ni nani, ng'ombe?"

Wanaume walicheka, kisha wakaona uso wa Mzee Gosse wakaacha kucheka. Kikao kikafungwa kwa sala ndefu kuhusu unyenyekevu wa wanawake. Jeltje aliisikiliza yote akiwa ameuma meno.

Sasa lazima niseme habari ya kanuni ya Mzee Gosse, maana bila hiyo hapana hadithi. Kiangazi kilichotangulia alimsikia mhunzi akigonga chuma jioni ya Jumamosi, akachukia sana. Jumapili yake akasimama kanisani akatangaza kwamba tangu siku ile, jua la Jumamosi likizama, kila chombo chini, ili watu wajiandae kwa Siku ya Bwana. Mchungaji alikuja mara moja kwa mwezi tu, na wiki nyingine zote Mungu alikaa mikononi mwa Mzee Gosse. Basi hakuna aliyebisha. Aliyeumia kuliko wote ni Wiebe Postma, mwendesha maksai. Jua lilizama mkewe akiwa amemnyoa shavu moja tu, wembe ukawekwa chini, na kesho yake Wiebe alikwenda kanisani nusu yake kijana, nusu yake nabii. Mzee Gosse alimpongeza mbele ya watu wote. Watoto wakamwita Nusu Ndevu mwaka mzima, na yeye hakusahau.

Jeltje aliposikia kwamba nyumba yake itahamishwa Jumamosi, na kwamba njia ya kwenda mazizini inapita katikati ya barabara kuu kwa kuwa upande mmoja kuna kijito na upande wa pili kuna tuta la reli, alikaa jikoni akafikiri sana. Kisha akatoka akanunua kahawa. Alinunua kahawa nyingi mpaka mke wa Mzee Gosse akamwuliza kama anatarajia jeshi.

"Wanaume wa kuvuta nyumba," alisema Jeltje. "Siwezi kuwaacha na baridi."

Maana kwa watu wetu kahawa ina sheria zake. Ukikaribishwa unaingia, unauma kidonge cha sukari kwa meno, unakunywa kikombe cha kwanza, kisha cha pili. Ukinyanyuka baada ya kikombe kimoja, umetangaza ugomvi. Watu wamenuniana miaka kwa ajili ya kikombe cha pili. Na kabla ya kunywa kuna sala, na baada ya kunywa kuna Biblia kidogo na sala nyingine. Jeltje hakuitunga sheria hiyo. Alikusudia tu kuitii, siku nzima, bila huruma.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo, mwezi wa Machi, nyumba iliinuliwa, ikaketishwa juu ya magogo, na Jeltje akakataa kutoka. Alikaa ndani na jiko lake limewaka, moshi ukitoka bombani, mapazia yakining'inia kama kawaida. Mzee Gosse alisimama mbele na fimbo yake kama anayewavusha wana wa Israeli. Wiebe akapaza sauti, maksai wakainamisha vichwa, nyumba ikatoa mlio mmoja mrefu ikaanza kutembea.

Hata hawajatoka uani, Jeltje alifungua dirisha.

"Kahawa tayari!"

"Ndiyo kwanza tumeanza," alisema Mzee Gosse.

"Na baridi hii, Mzee? Au una neno na mimi?"

Mzee Gosse hakuwa na neno naye. Wakaingia, wakavua kofia, wakaomba, wakanywa kimoja, wakanywa cha pili, wakasoma, wakaomba. Walipotoka, mafuta ya magogo yalikuwa yameganda, ikabidi yapakwe upya. Walipofika kwenye mwerezi mkubwa, dirisha likafunguliwa tena. Walipofika kwenye daraja la magogo, tena. Safari hii ilikuwa kahawa na mkate wa tangawizi, na Jeltje akamwuliza Mzee Gosse kama ile sura yenye majina ya vizazi vyote ina mafundisho yoyote, maana yeye hajapata kuielewa. Mzee Gosse akafurahi kuulizwa. Akaisoma yote, ukoo kwa ukoo, akaieleza yote, na mhunzi akalala amesimama.

Wiebe alibaki nyuma kidogo kumalizia kikombe.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hivi unafanya ninachofikiri unafanya?"

"Unafikiri nafanya nini?"

"Nafikiri unatunywesha mpaka jua lizame."

"Mimi nawakirimu wageni wangu, Wiebe."

Wiebe akajipapasa shavu lake, lile la ndevu za mwaka jana. "Basi niongeze sukari," alisema.

Mpango ulikuwa huo, na Jeltje hakuwa na mwingine. Jua lizame nyumba ikiwa barabara kuu. Apate Jumapili moja, siku moja tu, ya kukaa mahali ambapo watu wanapita, waonje mkate wake, waone. Baada ya hapo Mungu mwenyewe atajua la kufanya. Mpango haukuwa mkubwa, lakini mtu aliyesalimiana na ndoo hadharau mpango mdogo.

Kumbe kwa vituo vyote hivyo maksai walikuwa wamepumzika vya kutosha. Alasiri walipita tambarare, barafu ngumu yenye utelezi, na wanyama wale, kwa nguvu walizokuwa nazo, wakaondoka na nyumba kama wanaokimbilia malisho. Sahani zilicheza rafuni. Jeltje alichungulia dirishani akaona jengo la stesheni linakaribia, akaona jua bado liko juu ya mabua ya mahindi, akakimbilia kopo la kahawa. Kopo lilikuwa tupu. Alilipindua, akaligonga, akatazama ndani yake kama anayetafuta mwana aliyepotea. Alikuwa amewapa yote.

Nyumba ikaingia barabara kuu. Wanawake walitoka milangoni kutazama. Ikapita kanisa, ikapita kwa mhunzi, ikafika mbele ya duka la Terpstra. Mbele yake barabara ilikuwa wazi mpaka kwenye kona ya mazizi, umbali wa kutupa jiwe.

"Vuta!" alisema Mzee Gosse. "Hakuna kusimama tena. Kahawa mtakunywa makwenu."

Jeltje alifungua mlango akasimama kizingitini, nyumba ikiwa inatembea. Hakuwa na kahawa, hakuwa na mkate, na harufu ya mazizi ilikwisha kumfikia puani.

"Mzee Gosse!" aliita. "Hii ndiyo nyumba ya mwisho?"

"Ndiyo ya mwisho."

"Basi mji umetimia leo."

"Umetimia, ndiyo. Vuta, Wiebe!"

"Na utauacha utimie hivihivi, bila neno la shukrani? Kama mji wa wapagani?"

Mzee Gosse akasita. Fimbo ikabaki hewani. Alitazama jua, akatazama barabara nzima iliyojaa watu, wote waliohama na wote waliowahamisha, wamesimama wakimtazama yeye. Hakupata kuwa na mkutano mkubwa kama ule maishani mwake.

"Neno fupi," alisema.

"Fupi, Mzee," alisema Jeltje. "Unajua mwenyewe."

Wiebe akasimamisha maksai. Wanaume wakavua kofia. Mzee Gosse akakohoa, na kila mtu akasikiliza kwa makini, kwa sababu akikohoa mara moja ilikuwa sala ya kawaida, na akikohoa mara mbili ilikuwa ndefu, na watu walianza kutafuta mifukoni peremende za kuwafikisha kwenye amina.

Akakohoa mara mbili.

Alianza na uumbaji. Akashukuru kwa nchi kavu kutengwa na maji, jambo ambalo Wafrisia, ambao kwao bahari haiachi kuinyemelea ardhi, wanalishukuru kwa undani kuliko watu wengine. Akaja kwenye safari ya bahari, akaombea mabaharia wote, ingawa bahari ilikuwa mbali kiasi kwamba hakuna samaki wa chumvi aliyewahi kufika Wierum ila kwenye pipa. Akamwombea mfalme wa kule walikotoka, na rais wa huku. Akaombea wapagani kwa upole, na kanisa la Wadachi wa kule kusini, waliofarakana nasi kwa sababu ya nyimbo, akaliombea kwa ukali. Akaombea reli, injini, na mtu wa kutia makaa. Akaingia nyumba kwa nyumba, jina kwa jina, akitaja udhaifu wa kila mmoja kwa fumbo ambalo kila mtu alilielewa. Akaombea maksai.

Jeltje alikuwa amefumba macho, na mikono ameikunja kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliitamani sala ya Mzee Gosse iendelee.

Wiebe alifumbua jicho moja. Aliliona jua limekaa juu ya paa la ghala, jekundu, limebaki kipande. Kukatiza sala ni jambo ambalo mtu wa Wierum asingelifanya hata kama suruali yake inaungua. Wiebe alitia peremende nyingine mdomoni, akalifumba jicho lake kwa utulivu, akaomba kwa moyo wote.

"Amina," alisema Mzee Gosse hatimaye, akavaa kofia, akainua fimbo. "Haya. Vuta!"

Hakuna aliyesogea. Kivuli kilikuwa kimeifunika barabara yote.

"Wiebe! Umelala?"

"Jua limezama, Mzee," alisema Wiebe.

"Nini?"

"Limezama. Kila chombo chini." Akaiachia kamba ya maksai, ikaanguka kwenye theluji.

Mzee Gosse aligeuka akatazama magharibi, akaendelea kutazama huko muda mrefu, labda akitumaini. Kisha akatazama kona ya mazizi.

"Lakini ni pale tu!" alisema. "Hapo! Dakika chache!"

"Hata shavu langu lilibaki dakika chache," alisema Wiebe.

Mtu mmoja akacheka puani. Mke wa Mzee Gosse, aliyekuwa amesimama mlangoni pa duka, alitazama chini akajikung'uta aproni kwa nguvu. Mzee Gosse alifungua mdomo. Angeweza kusema kwamba kanuni ni yake na anaweza kuilegeza. Lakini alikuwa ametoka kumwomba Mungu, mbele ya mji mzima, awape watu wa Wierum moyo wa kutii bila kunung'unika, na maneno yale yalikuwa bado ya moto. Akafunga mdomo. Maksai wakafunguliwa, watu wakaenda makwao, na nyumba ya Jeltje ikalala katikati ya barabara kuu, mlango wake ukitazamana na mlango wa duka.

Jumapili kila aliyekwenda kanisani ilibidi aizunguke. Aliyeizunguka alipita dirishani, na aliyepita dirishani alimwona Jeltje amekaa na kitambaa cheupe kichwani, akimsalimia kwa jina. Walipotoka kanisani wengine waligonga mlango kuuliza kama hana baridi. Wakaingia. Kahawa hakuwa nayo, na kununua siku ile ilikuwa dhambi, hivyo mke wa mhunzi akaleta yake. Kufika mchana jikoni hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Jeltje alicheka siku ile mpaka mbavu zikamwuma. Walipoondoka wote, alikaa peke yake akasikiliza, akasikia bado kuna watu wanaongea nje.

Ndipo hofu ikamshika, maana kesho ni Jumatatu. Alijua ni vibaya, lakini alipiga magoti akamwomba Mungu matope.

Sijui kama Mungu hushughulikia maombi ya namna hiyo. Ninachojua ni kwamba upepo uligeuka ukatoka kusini, na mvua ya vuguvugu ikanyesha mpaka alfajiri. Jumatatu Mzee Gosse alitoka na fimbo yake akaikuta nyumba imeketi ndani ya tope mpaka chini ya kizingiti, kama kuku aliyeatamia. Walifunga maksai, maksai wakazama mpaka matumboni. Ikawachukua siku nzima kuwatoa maksai.

"Ardhi ikikauka," alisema Mzee Gosse. Ardhi ilipokauka, maksai walikuwa mashambani wanalima, na mkulima wa Iowa ni rahisi kukupa mkewe kuliko maksai wake wakati wa kulima. "Baada ya mavuno," alisema Mzee Gosse.

Wakati huo treni ilikuwa imeanza kuja. Abiria waliteremka, wakatazama barabara, wakaona nyumba imesimama katikati na harufu ya mkate inatoka, wakaijia moja kwa moja. Magari ya farasi yalijifunza kuizunguka, upande huu na upande ule. Jeltje alikuwa ametaka dirisha moja la barabarani. Sasa nyumba nzima ilikuwa barabarani, na hata akiosha vyombo nyuma kulikuwa na mtu wa kumpungia mkono.

Mavuno yalipokwisha, alasiri moja, Mzee Gosse aliingia. Jikoni mlikuwa mmejaa. Wiebe alikuwemo, amenyolewa mashavu yote mawili, na mhunzi, na wakulima wa mbali. Wote walijua maksai wako huru na ardhi ni kavu.

"Karibu kahawa, Mzee," alisema Jeltje. "Tuombee."

Mzee Gosse akavua kofia. Akakohoa, mara moja. Kwa dirisha la magharibi alitupia jicho jua, na jua lilikuwa bado juu sana.

"Bwana, asante. Amina."

Watu walifumbua macho wakadhani wamepitiwa na usingizi. Tangu siku ile sala zake zilikuwa hivyo hivyo, na wako wazee mjini wanaosema kwamba hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote iliyoletwa na nyumba ile.

Akauma sukari, akanywa kikombe chake polepole mpaka mwisho. Kisha akakiweka mezani, akanyanyuka, akachukua kofia yake.

Kikombe kimoja. Jeltje alisimama na birika mkononi, akajiona tena kule nyuma ya mazizi, yeye na ndoo yake, na machozi yakamjaa machoni mbele ya watu wote.

Mzee Gosse hakwenda mlangoni. Alikwenda dirishani. Alitazama ng'ambo, dukani kwake, ambapo farasi walikuwa wamefungwa safu nzima, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuipita nyumba ya Jeltje bila kupunguza mwendo, na aliyepunguza mwendo hapo alisimama akaingia na dukani. Akaitundika kofia ukutani, akarudi kitini kwake, akakisogeza kikombe mbele.

"Haya, mimina," alisema. "Bado cha pili."

Jeltje akamimina. Alimimina mpaka kahawa ikajaa kisahani, ikamwagikia kitambaa cha meza, na Wiebe akainuka kumfungulia mlango mgeni mwingine aliyekuwa anabisha hodi.